Jinsi ya kukopi besi kwa sikio: tumsome James Jamerson

Watu wengi wakisikiliza muziki besi (lile gitaa la noti za chini) hawaisikii kabisa, ila izime uone, hapo hapo wanaanza kuulizana mbona wimbo umekuwa mwembamba. Sisi tunaoipiga tumeshazoea. Tatizo ni kwamba hata sisi wenyewe mara nyingi hatuwasikilizi wapiga besi wenzetu, tunasikiliza solo, tunasikiliza muimbaji, halafu tukishika besi tunapiga noti ya kwanza ya kila kodi (kodi za muziki jamani, sio za serikali) na maisha yanaenda.

Mi napiga kanisani na kwenye shughuli za harusi, na karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kukopi. Ila nilikopi vibaya miaka mingi sana. Kuna harusi moja tulipangiwa kupiga My Girl ya Temptations, nikapakua tabo mtandaoni (namba zinazoonyesha kidole kiwekwe freti gani, yaani vile vijichuma vya kwenye shingo ya gitaa), nikaikariri namba kwa namba, freti ya tatu hapa, freti ya tano pale, nikajiona nimeiva. Siku ya shughuli mpiga drams wetu, mtu mzima, akawa ananikata jicho wimbo mzima. Tuliposhuka jukwaani akaniita pembeni akaniambia "mdogo wangu, noti zako zote ziko sawa, ila unaongea wakati wenzio wanaongea." Sikumwelewa siku ile. Nilikuja kumwelewa baadaye sana nilipokaa na ile rekodi yenyewe, bila tabo, nikagundua kwamba nilikuwa naziacha noti zinalia mpaka zinagongana na ile ngoma kubwa ya mguu ya drams, wakati aliyeipiga, huyo James Jamerson mwenyewe, alikuwa anazikata. Tabo ilinionyesha pa kuweka kidole, haikuniambia nikitoe lini.

Kwa hiyo kabla ya kuishika besi, weka sawa masikio. Usikopi besi kwa spika ya simu, utajichosha bure. Waya wa E ukiupiga wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, wa A ni 55, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa kitu kama hicho, unachosikia pale ni kivuli tu, ubongo unabahatisha. Tafuta hedifoni, hata za bei ya kawaida, zile zinazoziba sikio. Na kama bado noti za chini zinakuwa kama tope, kuna ujanja mmoja mzuri sana, ingiza wimbo kwenye Audacity, ni ya bure, halafu pandisha sauti oktavo moja nzima, yaani nusu hatua kumi na mbili (nusu hatua ni freti moja). Waimbaji watakuwa kama kuku lakini besi itapanda mpaka sehemu ambayo sikio linaisoma vizuri, ukishajua noti unairudisha chini kwenye gitaa lako. Kupunguza spidi hata Youtube inafanya, weka 0.75, ikishindikana 0.5, chini ya hapo sauti inaharibika mpaka unaanza kusikia noti ambazo hazipo. Siku hizi pia kuna programu za kutenganisha vyombo, Moises ni mojawapo, zinakutolea besi peke yake. Zitumie ila usizitumie mwanzo, maana ukiisikia besi bila drams hujajua kwa nini iko pale.

Kingine, rekodi za zamani zilikuwa kwenye kanda, na kanda inaweza kukimbia kidogo au kuchelewa kidogo, hivyo usishangae umetyuni vizuri kabisa na bado hamkutani. Tyuni kufuata rekodi, usibishane nayo.

Sasa kazi yenyewe. Imba. Hujanisoma vibaya, nimesema imba. Chukua baa mbili tu (za muziki), zirudie rudie mpaka unaweza kuziimba kwa mdomo ukiwa unaosha vyombo, dum, du-dum, hivyo hivyo, na pale besi inaponyamaza na wewe unyamaze. Kama huwezi kuiimba hujaisikia, ni hivyo tu, na ukishika gitaa kabla ya hapo vidole vitakuletea vitu vyao walivyovizoea, utadhani umekopi kumbe umejikopi mwenyewe.

Ukishaimba, iandike. Na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa kwa sababu wanadhani lazima ujue zile noti za mistari mitano. Kama umepita kwaya yoyote huku kwetu basi kifaa unacho tayari, ni solfa, ile ile d r m f s l t aliyokuwa anakuandikia mwalimu wa kwaya kwa chaki ubaoni. Waimba besi wa kwaya wanasoma solfa kila Jumapili, sijui kwa nini wapiga besi tunaiacha mlangoni. Nukta pacha inatenganisha biti na biti, nukta moja inagawa biti nusu kwa nusu, mstari ni kushikilia, nafasi tupu ni kimya. Inatosha kabisa kwa besi maana besi mara nyingi inapiga noti moja moja.

Na ina faida moja kubwa kuliko tabo. My Girl inaanza kwenye C halafu mbele huko inapanda inakuwa D. Mwenye tabo anaanza kuhesabu freti upya. Mwenye solfa haandiki kitu kipya, do imehama tu, do ni do. Na ukiandika hivi miezi michache unaanza kuona tabia ya mtu, unaona kabisa huyu anapenda kutua kwenye so, huyu anapitia la akirudi nyumbani, vitu ambavyo "freti ya 5 waya wa 3" haitakaa ikuambie.

Zoezi la kwanza kabisa usiende kwa Jamerson, utakimbia. Nenda kwenye Another One Bites the Dust ya Queen, 1980, besi ni John Deacon. Iko E ndogo (E minor), kwa hiyo do ni G na nyumbani ni la ya chini. Noti zake hizi hapa nakupa bure:

r d l l l, halafu l l l d l r

Basi, ndo kitu chote kilichotikisa dunia. Nimekupa noti, urefu sikupi, utafute mwenyewe: zile r d mbili ni fupi zinaingilia kabla ya biti ya kwanza, la tatu zinafuata zimekatwa, halafu kuna kimya, na kazi yako ni kuniambia kimya kile kina ukubwa gani. Ukimaliza sikiliza Good Times ya Chic ya 1979, besi ni Bernard Edwards, utakutana na E tatu zile zile mwanzoni. Deacon alikuwa amekaa na wale jamaa wa Chic studio. Ukikopi vyote viwili kwa mkono wako unaona wapi amechukua na wapi ameenda zake, Edwards baada ya E tatu anapanda ngazi na kucheza, Deacon anabaki mkavu. Hiyo ndo inaitwa kuthamini kazi ya mtu, unajua amepokea nini na ameongeza nini.

Haya, Jamerson. Alizaliwa 1936 kisiwa cha Edisto, South Carolina, akahamia Detroit, akaanza na lile besi kubwa la kusimama, kisha akaingia Motown, kampuni ya kurekodi muziki, kwenye studio ya chini ya ile nyumba yao ya Hitsville, studio waliyoibatiza Snakepit. Yeye na wenzake wa bendi ya studio, Funk Brothers, ndo wamepiga sehemu kubwa ya zile nyimbo za miaka ya sitini, na majina yao hayakuwa kwenye majalada. Wimbo unapigwa dunia nzima, Temptations wanajulikana, Four Tops wanajulikana, anayebeba wimbo mgongoni hajulikani. Ni mpaka 1971 albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ndo wanamuziki wakaandikwa. Alifariki 1983 akiwa na miaka 47, na akaingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2000, miaka 17 baadaye.

Ukitaka kukopi Jamerson lazima ujue mkono wake, la sivyo utakuwa unashangaa kwa nini noti ni zile zile lakini sauti sio. Alikuwa anavuta kwa kidole kimoja tu cha kulia, cha shahada, wakakiita The Hook yaani ndoano. Kimoja! Zile mbio zote ni kidole kimoja. Gitaa lake lilikuwa Fender Precision ya 1962, waya nene laini zile zisizo na mikwaruzo, na alikuwa habadilishi waya, zinabaki mpaka zife. Chini ya kile kifuniko cha daraja (pale waya zinapofungwa mwishoni mwa gitaa) kulikuwa na sponji inayozima mlio. Kwa hiyo noti inatoka "dup" sio "duuuung". Hapo ndo nikamkumbuka yule mpiga drams wangu. Huna waya kama hizo? Chukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo (mpya tafadhali) kichomeke chini ya waya karibu na daraja, punguza toni kwenye besi, utakaribia kwa asilimia kubwa bila kutumia hela.

Halafu waya za wazi. Huyu mtu katoka kwenye besi la kusimama na pale kuruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine ni kazi, hivyo unapiga waya wazi mkono ukiwa safarini. Hii inaeleza vitu vingi. Ukifika mahali kwenye wimbo wake unasikia noti ngeni, haikai kwenye kodi wala kwenye skeli, inapita kama mwizi, jaribu kwanza waya wazi kabla hujasema masikio yako mabovu. Na kama sio waya wazi basi ni nusu hatua, anapenda kuijia noti kwa kunyata kutoka chini au juu yake. Kwenye solfa ziandike hizo, fe, se, ma (noti zilizopandishwa au kushushwa nusu hatua), usizirekebishe ziwe "sahihi", ndo utamu wenyewe.

My Girl iwe ya kwanza. Besi inaingia peke yake kabla hata ya lile gitaa la Robert White linalopanda d r m s l d. Ubeti ni C na F zinapokezana, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kusikia kila noti inaisha lini. Andika mwisho wa noti, sio mwanzo tu. Mi naweka kijimstari kidogo kila inapokatwa.

Ukitoka hapo nenda What's Going On yenyewe, wimbo sio albamu. Wanasimulia kwamba siku ya kurekodi Jamerson alitolewa kwenye klabu amelewa hata kukaa kwenye kiti hawezi, akapiga amelala chali sakafuni. Iwe kweli yote au imeongezwa chumvi, sikiliza ile besi halafu ujiulize wewe ukiwa mzima umekaa vizuri umekunywa chai unaweza. Iko E, haina mstari mmoja unaojirudia, kila ubeti anausema tofauti kidogo, hivyo usikopi baa mbili ukajibandikia wimbo mzima. Mi niliiandika ubeti wa kwanza wiki tatu. Na angalia, kwenye albamu hiyo hiyo Mercy Mercy Me na Inner City Blues ni Bob Babbitt sio Jamerson. Watu wanachanganya kila siku. Kopi wimbo mmoja wa kila mtu uweke karatasi pembeni kwa pembeni uone tofauti. Na I Was Made to Love Her ya Stevie Wonder iache kwanza, hiyo ni ya mwaka wa pili, nakuambia kwa wema.

Ukishazoea mtu anayejaza, nenda kwa anayeacha. Aston Barrett, Family Man, mzaliwa wa Kingston 1946, kafariki Februari 2024. Huyu na mdogo wake Carlton kwenye drams ndo injini ya Wailers, ndo waliokuwa nyuma ya Bob Marley hata pale uwanja wa Rufaro Aprili 1980 Zimbabwe inapata uhuru. Sikiliza Stir It Up ya kwenye Catch a Fire, 1973. Kodi tatu tu, A, D, E, mtoto wa darasa la tano anazijua. Noti zake utazipata dakika kumi. Halafu piga pamoja na rekodi uone unavyochekesha. Reggae ya one drop biti ya kwanza drams zinaiacha, uzito unaangukia ya tatu, na kama umezoea kukanyagia ya kwanza kama sisi wa kanisani utakuwa unamkanyaga mtu vidole wimbo mzima. Kwa huyu geuza kazi: usiandike noti kwanza, andika kimya. Chora baa nne, weka alama sehemu zote ambazo besi haipo, ndo ujaze zilizobaki.

Kuna moja hii ya kujifurahisha, ila inafundisha. You Can Call Me Al ya Paul Simon, albamu ya Graceland 1986, kuna kipande kifupi cha besi peke yake kinachomwaga noti kama maji kutoka kwenye ndoo. Ni Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, kwenye besi isiyo na freti, na aliirekodi siku ya kuzaliwa kwake. Nusu ya kwanza nilihangaika nikaipata. Nusu ya pili nikakesha. Vidole havikubali, mwanzo wa noti umekaa ajabu, kila noti inaanza polepole na kuishia ghafla. Kumbe nusu ya pili ni nusu ya kwanza imegeuzwa kanda kinyumenyume! Ingiza Audacity, chagua kipande, geuza, utasikia kitu kile kile. Jukwaani inabidi uitafutie njia yako, na hata hivyo ukiipiga watu wanainuka kwenye viti. Tangu siku ile nikikwama nauliza pia hii imerekodiwaje, sio imepigwaje tu.

Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, simwelezei sana, kila mpiga besi ana stori yake ya Jaco. Richard Bona, mpiga besi wa Kameruni, alisimulia kwamba alipowekewa santuri ya Jaco ya 1976 klabuni Douala akiwa kijana, alidhani mashine inazungusha kwa spidi isiyo yake. Ukitaka kumkopi anza na Portrait of Tracy polepole, zile hamoniki (sauti nyembamba zinazotoka ukigusa waya bila kuubana) zinakufundisha kwamba gitaa lako lina noti nyingi kuliko freti zake.

Na kabla hujaenda mbali hivyo, kuna santuri na kanda za wazee wetu, rumba za Kinshasa, dansi za Dar na Nairobi, zina besi za kutisha na wengi waliozipiga hata majina yao hayajulikani, kama wale wa Detroit. Rumba ikifika sebeni, pale wimbo unapochangamka, sikiliza besi inavyokatakata, haikai juu ya biti, inairuka na kurudi. Ukikopi moja ya hizo andika juu ya karatasi jina la bendi, mwaka kama upo, na umuulize mzee yeyote aliyekuwa anapiga enzi hizo nani alikuwa kwenye besi. Mi nimepata majina mawili kwa njia hii, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio, na alifurahi kuulizwa kuliko mimi kujibiwa.

Ukimaliza kuandika, jirekodi kwa simu ukipiga pamoja na rekodi, sikiliza kesho yake sio siku ile ile, siku ile ile kila mtu anajipenda. Utasikia mahali unapokimbilia, karibu kila mara ni pale kwenye kimya. Mi mwenyewe sa hivi nipo ubeti wa pili wa What's Going On, kuna mbio moja fupi pale nimeiandika mara tatu na kila mara inatoka tofauti, noti ya katikati siioni kwenye kodi wala siioni kwenye nusu hatua. Nahisi ni A ya waya wazi. Nimeshaichomoa sponji nikairudisha, nasubiri umeme urudi niisikilize tena.